Pakiti Tatu Zilizokwenda Songea

Kwa Bibi Jesca, Unga wa Lishe,
Mji Mpya,
Morogoro.
11 Juni 2025

Mpendwa dada Josephina,

Shikamoo. Anayekuandikia ni Andrea yuleyule uliyemcheka alipoishia kidato cha pili. Sasa shika kiti kwanza: kuanzia Mzinga mpaka Mzumbe hakuna binadamu anayeijua kompyuta kunizidi. Siku hizi nikiingia ofisini yenyewe ndiyo inaniamkia. Walimu wa chuo wananipisha njia. Usipoamini, shauri yako.

Hujambo lakini? Mguu wako uliotenguka umepona? Shemeji Eustace bado anakoroma mpaka jogoo wanaona haya? Na mpwa wangu Jonathan je? Tangu siku ile alipokula samaki akavimba uso, hajarudiwa tena? Hilo nijibu kabla ya mengine yote.

Sisi huku wazima. Bibi analalamika mgongo, ila mchi wake bado hakuna kijana wa kumpokea. Baridi imeshuka, asubuhi milima huioni kwa ukungu.

Sasa zile pakiti tatu za unga nilizokutumia huko Songea kwa basi. Shemeji ananiambia kazifungia kwenye sanduku lake la spana kama nilivyomwomba, na kwamba wewe unamsumbua akupe ufunguo. Eti nilipokupigia nikasema unga una wadudu, ulicheka, ukasema wadudu si kitu, utaupepeta, utauanika juani, mtoto anywe uji. Dada, nakushika miguu. Usipepete, usianike. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho. Dereva nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Mambo yalianza hivi. Maduka siku hizi hayapokei unga usio na lebo iliyokamilika, kwa hiyo Bibi akamleta Winfrida, msichana aliyemaliza Mzumbe, na mfumo wake kwenye kompyuta. Kila kinachotiwa kwenye unga unakiandika humo kwa asilimia. Mfumo unakutengenezea lebo, unaipa kila bechi, yaani unga uliosagwa kwa mkupuo mmoja, namba yake, na unakumbuka duka gani limepelekewa pakiti ngapi. Hesabu isipotimia mia, mfumo unakuwa mwekundu na printa haitoi hata karatasi ya kufungia karanga.

Mimi nilimshuku tangu siku ya kwanza. Msichana gani huyo, hata chai hajamaliza, anauliza bibi wa watu anatia nini kwenye unga? Mahindi, mchele, ulezi, soya, mdalasini wa Mkuyuni, hivyo tunavijua sote. Lakini si unakumbuka kile kingine, anachokisaga peke yake mlango kaubana, toka sisi hatujazaliwa? Kile hakiulizwi. Nikasema huyu katumwa. Siku moja tutaukuta unga wetu dukani umevaa jina la mtu mwingine.

Basi nikahamishia kiti changu mbele yake. Akipokea simu, natega sikio. Akitoka, nachungulia daftari lake. Siku moja nikakuta kaandika "Bibi, sita?" akapigia mstari mara mbili. Nikajua ndiyo bei, milioni sita, siri ya Bibi imeshauzwa! Na paka nao, dada. Paka watatu hawabanduki mlangoni pa stoo. Nikasema huyu anawalisha samaki ili tuzoee kumwona pale. Usicheke.

Kumbe sita yenyewe ni hii: nilipojumlisha vitu vyote tunavyovijua ikaja tisini na nne.

"Andrea, bado sita," akaniambia.

"Sita za nini?"

"Sijui. Ndiyo nakuuliza wewe mwenye nyumba."

"Utauliza sana."

"Kaka, mfumo hautaki siri ya bibi yako. Unataka mia tu."

"Mia kaitafute kwa bibi yako wewe."

Jumanne ya wiki iliyopita akaenda chuoni kufuatilia cheti chake. Maduka yanasubiri mzigo, mfumo mwekundu, fundi nipo. Soya ilikuwa ishirini, nikaiandika ishirini na sita. Ukawa kijani papo hapo! Printa ikatema lebo sitini, nikacheza peke yangu mle ndani. Pakiti hamsini na saba zikaenda madukani. Tatu nilikuwa nimeshazichomoa kwa ajili yako kabla mzigo haujaandikwa, maana zawadi ya dada inaandikwa ya nini?

Ijumaa Winfrida akaiona ile ishirini na sita. Hakugombana na mimi. Alikwenda kwa Bibi, akaamkia, akavuta kigoda, akamsaidia kupeta ulezi. Kisha akamwambia, "Bibi, kuna watoto wakila kitu fulani wanavimba. Mama zao wakituuliza unga huu una nini, tuwaambieje?"

Bibi akajibu kama aliyeulizwa saa. "Dagaa, mjukuu wangu. Nawakaanga na mdalasini kuua shombo. Huyu Andrea anazunguka hapa kama polisi, mbona hajaniuliza?"

Paka walijua kabla yangu.

Winfrida akabonyeza namba ya bechi, mfumo ukatoa majina ya maduka yote, hata duka la Kondo kule mbali Mkuyuni likiwemo. Mpaka Jumamosi jioni hamsini na saba zote zilikuwa zimerudi, tukazibandika lebo mpya yenye maandishi meusi: INA SAMAKI. Halafu akanigeukia. "Lebo zilitoka sitini, Andrea. Tatu ziko wapi?"

Nikasema printa ilizitafuna.

Nisalimie shemeji, umwambie asikulaumu kwa kelele za ufunguo. Nisalimie mama mkwe wako na majirani wote wanaonikumbuka. Bibi anakusalimu sana, na Winfrida pia anasalimu, ingawa hakujui. Kesho asubuhi nitamwambia zilipo zile tatu.

Maana hakuna mdudu hata mmoja kwenye unga ule, dada. Nimekupigia mara mbili baada ya hapo nikitaka kukwambia, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Lebo ya pakiti zako inasema soya, na ndani mna dagaa. Aliyeandika ni mimi. Na siku ile Jonathan alipovimba macho yakafunga, aliyembeba mgongoni mpaka hospitali ni mimi.

Zichimbieni chini, mbali na kuku. Mungu amfunike mtoto kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Andrea