Shukeni Kwanza

Kioko mjukuu wangu,

Hapa Mutomo tuko salama. Mama yako amepanda kunde, na magoti yangu bado hayasikii dawa.

Unauliza ununue mashine gani ya kuchomelea trela, ya gesi au ya stima. Miaka ya sabini, trela yetu ya kuchota maji ilivunjika ule mkono unaoshikana na trekta. Fundi Mutua akauchomelea kwa gesi, kwa sababu jenereta yake ilikuwa inasumbua kuwaka.

"Imeshika," akasema.

Babu yako ndiye aliyekuwa dereva. "Basi panda na hawa akina mama, twende mtoni."

Mutua akautazama mkono ule, akatutazama sisi tulioketi tayari na mapipa yetu.

"Shukeni kwanza," akasema, akaenda kuhangaika na jenereta.

Mkono huo mnene akaurudia kwa stima. Gesi akaiachia mabati membamba ya ubavuni yaliyokuwa yamepasuka. Halafu akapanda, akaketi mbele kabisa.

Sasa niambie, hiyo trela yako imevunjika wapi, na ni nani atakayeketi juu yake?

Ni mimi susu, nyanya yako, niliyeketi karibu na Mutua.