Mume Wangu Hajui Kwamba Gari Linamsaidia

Shangazi, shikamoo. Naandika nikiwa kaunta huku wateja wakicheza, hivyo nivumilie, na usicheke kabla hujafika mwisho, maana watu wawili niliowaeleza walicheka na hakuna aliyenisaidia.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtaani wanamwita Mwalimu Kona kwa sababu mwanafunzi wake hapiti kona bila kuhubiriwa, nami nina chumba cha gemu za mbio za magari, viti vinne, kila kiti na usukani wake, pedeli zake na skrini yake, na aliyepanga mashine zote ni yeye, tena alizipanga kwa imani yake kwamba gari la gemu lazima liwe gari kwelikweli, yaani ukikanyaga breki kwa pupa magurudumu yanajifunga, ukiingia kwenye kona na mwendo linazunguka kama pia, ukigonga ndiyo basi, na mteja akilalamika anaambiwa hata barabarani hakuna kurudia. Wateja wakawa wanakaa, wanagonga, wanagonga tena, wanaondoka. Muuguzi mmoja aliniambia, "Dada, mimi nimeshinda kazini nikikosolewa, siwezi kuja kukosolewa na gari pia."

Basi akiondoka asubuhi nikawa nafungua mipangilio nawasha ile misaada ya gemu kwa dereva, ya breki, ya kona, na ile inayolirudisha gari njiani polepole bila dereva kuhisi, kisha jioni kabla hajarudi naizima yote, na wateja wakarudi, nami nikanyamaza. Siku moja chumba kilijaa nikasahau kuzima, naye akaja akakaa kiti chake cha dirishani kama kawaida, akamaliza mbio nzima bila kugusa ukuta, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanigeukia. "Umeona? Si nilikwambia mkono unazoea?" Shangazi, alikuwa na furaha mno, na tangu hapo kile kiti chake sikizimii misaada, kwa kusudi kabisa, maana nyumbani amekuwa mtu mwingine, anaimba akinyoa ndevu, chakula kikichelewa hanuni, hata mama mkwe ameniuliza kama amepandishwa cheo.

Sasa Jumamosi ijayo walimu wa udereva wana mashindano ya gemu hiyohiyo, kwenye ukumbi mwingine, na misaada yote itazimwa, na aliyependekeza sharti hilo ni yeye mwenyewe. Ameshawaalika wanafunzi wake waje kutazama, na atakayeshindana naye ni mkuu wa shule yao ambaye hawapikiki chungu kimoja. Nikimwambia, atajua kwamba nimekuwa nikimdanganya na ile furaha itakwisha, nisipomwambia ataumbuka mbele ya watu anaowafundisha, na nimeshafikiria hata kujifanya mgonjwa Jumamosi ili asiende. Nampenda, na ninaogopa. Nifanye nini?

Mwenye Chumba cha Gemu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, nisamehe, halafu nilipofika kwenye hao wanafunzi walioalikwa nikaacha.

Tuanze na kosa lako, ambalo silo unalolidhani. Kuwawashia wateja misaada hukumkosea mtu. Aliyetoka kazini amechoka anataka apite kona moja salama ajisikie dereva, hakuja kufanya mtihani. Kosa lako ni kuzima kila jioni. Ulikuwa na hoja nzuri, viti vimejaa, ukaigeuza siri. Ungemwonyesha mapema mngegombana mara moja yakaisha. Na usiniambie ulinyamaza kwa mapenzi tu. Ulinyamaza pia kwa sababu nyumba imetulia, na utulivu huo umeupenda. Nakuelewa, lakini aibu yake ataibeba yeye.

Na huyo Mwalimu Kona naye nina neno lake. Gari analofundishia, si lina breki ya pili upande anaokaa mwalimu? Anaikanyaga mara ngapi mwanafunzi akadhani gari limesimama kwa ujuzi wake? Huo ni msaada, tena wa kimyakimya, na ndio unaomfanya mtu arudi kesho kujifunza. Hakuna anayempeleka mwanafunzi wa siku ya kwanza barabara kuu kwenye mvua. Mwanafunzi wake anamsubiri hadi azoee, wateja wako anawataka wawe wameshazoea wanapoingia mlangoni. Mwulize kwa nini, lakini si leo. Leo ana jambo jingine la kusikia.

Funga chumba mapema. Usimwambie wakati wa kula, wala mbele ya mama yake. Mkalishe kwenye kiti chake, fungua mipangilio akiona, mwonyeshe kilichowashwa, umwambie, "Mara ya kwanza nilisahau. Baadaye niliacha kusudi, kwa sababu nilipenda kukusikia ukiimba." Sema hivyohivyo bila kupamba. Atanuna, mwache anune. Usianze kulia wewe, ukamgeuzia kazi ya kukubembeleza.

Kisha zima misaada yote, umwambie aendeshe. Siku zilizobaki afanye mazoezi kama anavyowafundisha wengine, azime mmoja, azoee, azime mwingine. Akitaka kujitoa, simu apige mwenyewe, usimpigie. Na mashindano yakishapita, viti viwili viwe vyepesi na viwili vigumu, viandikwe waziwazi, kila mtu akae anapopaweza.

Habari ya kujifanya mgonjwa nisiisikie tena. Ukuta ataugonga tu, mwanangu, hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kuchagua ni nani atakuwa amekaa karibu naye akiugonga.