Beseni la bluu

Raya na Lukman,

Supu iliyo kwenye beseni la bluu msiinywe. ~~Imwageni.~~ Msiimwage pia, babu yenu ameshaitaka tena kesho.

Ilikuwa hivi. Asubuhi mvua inanyesha, baridi ya ziwani inauma, nikaepua supu ya makongoro nikaimimina kwenye beseni ipoe kidogo. Naenda kufuata chumvi, narudi namkuta mzee kakaa, miguu yote miwili imo ndani ya supu, kafumba macho.

"Ahsante mke wangu," akasema. "Leo umenikumbuka kwa maji ya moto."

Miaka arobaini nampikia supu, hata siku moja hajanishukuru. Sasa ningemwambia nini? Nikamwongezea ndimu.

Anasema magoti yamepona. Nimekwenda buchani Igogo kutafuta miguu mingine ya ng'ombe, hiyo ndiyo ya kula. Chapati zimo kwenye hotipoti.

Mwamkieni babu bila kucheka. Na akiuliza mbona paka wa mtaa mzima wanamlamba miguu, mwambieni nao wanamwamkia.

Bibi yenu