Kifundo Changu kwenye Barabara ya Matarishi

Jumanne, 27 Machi 2007

Maji ya moto, chumvi, mguu ndani dakika ishirini. Kisha ngazi za jengo. Kushuka mara mbili, kupanda mara mbili. Ghorofa ya nne. Leo nimeshuka bila kushika ukuta. Kupanda nilishika.

Miezi mitatu tangu nianguke Shahe, kwenye ngazi za soko la nguo, mifuko miwili ya blauzi mkononi. Kifundo cha mguu wa kulia. Daktari alifunga plasta, akaifungua, akatikisa kichwa. Sikumuuliza kwa nini anatikisa.

Nimekuta tiketi ya ndege mezani. Jina langu. Guangzhou kwenda Dar es Salaam, Jumatano tarehe 11. Ya kwenda tu. Hashim ameiwekea glasi juu isipeperuke. Mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimleta mimi mji huu miaka miwili iliyopita, alikuwa hajui hata kuagiza supu.

Sikuigusa.

Alhamisi, 29 Machi

Mama Rehema amepiga simu kutoka Kariakoo. Mteja wangu wa kwanza, namnunulia bidhaa huku miaka minane sasa. "Shoga, ndiyo nini hii? Hashim anasema hutaingia tena sokoni, oda tumpe yeye. Mbona hukuniambia mwenyewe?"

Nikasema simu inakatika.

Kumbe amewapigia wote wanne. Mama Rehema, yule wa Manzese, na wale ndugu wawili wa Unguja. Nyuma ya mgongo wangu, mimi niko chumba cha pili nimeloweka mguu.

Na mzigo aliowanunulia nikiwa kitandani ni aibu. Vichongeo vya penseli kutoka mtaa wa maduka wa Yide Lu, katoni kumi. Vinaitafuna penseli mpaka inaisha mkononi. Mama Rehema amecheka, lakini nakijua kicheko kile. Ana hasira.

Nina hasira kuliko yeye.

Jumapili, 1 Aprili

Tumegombana, mimi na Hashim. Anasema kazi ya mnunuzi ni miguu. Ghorofa saba, vichochoro mia, kutwa nzima, na mimi siwezi. Anasema yeye ndiye aliyenibeba siku ile Shahe, nikilia mbele za watu, na hataki kunibeba tena. Sauti ilimtetemeka hapo. Sikumhurumia.

Bi Liang, mwenye nyumba wetu, alipanda kuuliza kama tunauana. Ana miaka sitini na saba, anapanda ngazi bila kuhema. Nilimweleza kwa Kichina changu cha sokoni. Akakaa, akasema Alhamisi anakwenda kwao Conghua, kaskazini, kusafisha makaburi ya wazazi. Kila mwaka akimaliza makaburi hutembea barabara ya zamani ya mawe, kutoka mji wao kupita mlimani hadi mji wa pili alikoolewa dada yake. Kilomita kumi na mbili. Matarishi wa serikali walipita hapo na barua za wafalme.

Nikasema naenda naye. Mdomo ulitangulia.

Hashim akacheka. Nikamwambia mbele ya Bi Liang: nikifika mji wa pili kwa miguu yangu, tiketi unairudisha na wateja wangu unawapigia kuomba radhi. Nisipofika, napanda ndege.

Akasema, "Sawa, dada. Nitakusubiri huko. Nitakuja na basi."

Jumatano, 4 Aprili

Raba mpya, zimebana. Nimerudi kwenye za zamani. Naogopa. Naandika hapa tu, sisemi popote. Mvua tangu asubuhi.

Alhamisi, 5 Aprili

Naandika jioni, nyumbani kwa dada yake Bi Liang, mguu juu ya stuli. Umevimba kama papai.

Tulitoka na basi la alfajiri. Mji wao Bi Liang ni mtaa mmoja mrefu wa mawe. Milango ya mbao, vizingiti virefu, mingi imefungwa kwa kufuli kubwa. Vijana wote wako viwandani. Waliobaki ni vikongwe, kila mmoja na sinia la machipukizi ya mianzi mlangoni, na wote walitoka kuniangalia. Mmoja alinishika mkono akausugua kuona kama rangi inatoka. Nikausugua wa kwake pia. Mtaa mzima ulicheka.

Nyumba ya matarishi iko mwisho wa mtaa. Sasa ni ghala la mbolea. Nje kuna hori la jiwe walikonywea farasi. Kaka yake Bi Liang, mwalimu mstaafu, alinionyesha. Nikamuuliza tarishi alichukua siku ngapi kutoka hapa hadi kwa mfalme. Akanishangaa. Hakuna tarishi aliyefika kwa mfalme, alisema. Kila mmoja alitembea kipande chake, hadi kituo kinachofuata, akakabidhi mfuko, akala, akalala, akarudi.

Sikulitilia maanani. Nilikuwa natazama mlima.

Kupanda hakukuwa kubaya. Mawe yamelika katikati, mtu anaweka mguu palepale walipoweka wengine. Bi Liang mbele na mwavuli, mimi nyuma na fimbo ya mwanzi. Kileleni kuna kibanda cha chai, birika jeusi na vikombe, hakuna mwenyewe. Unakunywa unaondoka. Niliswali adhuhuri pale nimekaa, nikajisikia msichana. Kilomita saba nyuma yangu. Nikamwona akilini Hashim anapiga simu Kariakoo kuomba radhi, kichwa chini.

Kushuka ndiko kulikonimaliza.

Mawe yalikuwa na utelezi, na kila hatua ya kushuka uzito wote unakwenda kifundoni. Hatua ishirini. Hatua hamsini. Kisha kitu kikalia ndani ya mguu, na nikakaa bila kutaka. Nilishuka ngazi kama thelathini kwa makalio, mtu mzima, na buibui langu. Bi Liang hakucheka. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Tulifika njia ya gari inapokata barabara ya mawe. Zimebaki kilomita tatu. Nilisimama, nikajaribu, nikalia. Akapita mzee na pikipiki ya matairi matatu, magunia nyuma. Bi Liang akamsimamisha, wakanipakia juu ya magunia.

Njiani Bi Liang akaninong'oneza. Kabla ya mji kuna kona na mti mkubwa wa kafuri. Nishuke pale, nichechemee hatua mia mbili, niingie kwa miguu. Nani atajua? Akanikonyeza.

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Kona ikaja, mzee akapunguza mwendo, na nikamwambia aendelee.

Niliingia mjini juu ya magunia, matope mpaka kichwani, mapajani mtungi wa siki ambao Bi Liang alimletea dada yake. Hashim alikuwa kituo cha basi. Nilimtazama usoni.

"Nimeshindwa," nikasema. "Na sirudi Dar."

Ijumaa, 6 Aprili

Basi la kurudi mjini. Hashim alinibeba kutoka kituoni hadi nyumbani, ghorofa nne.

Nimevunja ahadi. Naliandika lilivyo. Niliahidi kwa hasira na nimeivunja kwa akili timamu, na sioni haya kama nilivyodhani. Akitaka kunishika kwa neno langu, anishike. Mwenye tiketi ni yeye, lakini mwili utakaopanda ndege ni wangu.

Nimelala kutwa nawafikiria matarishi. Nimeudhika. Miaka minane natembea soko lote peke yangu kama punda wa kinu cha mafuta, ghorofa zote, vichochoro vyote, naona fahari. Watu wa mfalme waligawana njia, walikuwa na akili kuliko mimi.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimewapigia wote wanne mwenyewe. Nimesema kweli: kilomita tisa nimeweza, tatu zimenishinda, mlima siushuki tena. Soko la ghorofa saba sitalizunguka. Lakini kitambaa, rangi, mshono, wino, sijasahau hata kimoja. Hashim atatembea. Mimi nitakaa chini na kila kitu kitapita mkononi mwangu. Asiyetaka hivyo aseme sasa.

Wa Manzese amesema atafikiri. Maana yake hapana. Basi, aende.

Mama Rehema akauliza: "Hashim analijua hilo?"

Hashim alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

"Analijua sasa hivi," nikasema.

Alikuja akakaa kitandani kwangu. Akaniambia daktari alimweleza mwezi wa pili kwamba kifundo hakitarudi kama zamani, akashindwa kuniambia, akaona heri nichukie tiketi kuliko nisikie hilo. Mjinga. Nilimpiga na mto. Kisha nikamwambia nilijua tangu daktari alipotikisa kichwa.

Tulilia wote wawili, nafikiri. Mimi nililia.

Jumatano, 11 Aprili

Yide Lu, tangu saa tatu asubuhi. Tiketi Hashim ameirudisha kwa wakala jana.

Nilimwomba kiti laoban, mwenye duka la daftari. Alinipa cha plastiki, karibu na mlango. Hashim akaingia vichochoroni na kamera na mfuko wa sampuli. Alirudi mara sita. Wenye maduka wengine walipoona, wakaanza kuja wenyewe na bidhaa zao mkononi, wananiinamia. "Pengyou, rafiki, angalia hii." Nilichonga penseli arobaini. Vichongeo thelathini na saba nilivikataa. Hashim alitaka kujua vitatu vile nimevichagulia nini. Nikampa kimoja na penseli, nikamwambia achonge polepole, asikilize. Alichonga mara ya pili na ya tatu. Akaitikia kwa kichwa.

Ndege iliondoka saa nane. Sikutazama saa, ni yeye aliyetaja.

Mguu unauma. Hautapona, nimeandika hapa ili nisijidanganye tena. Kesho Shahe. Ghorofa ya chini tu.