Chuma ya reli mbele ya mulango wangu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bila mimi, Kasongo mupya haiwezi kujengwa! Leo wapima ardhi walifika kwenye kiwanja ya reli, nyuma ya nyumba zetu, pale majani yamemeza dépôt ya zamani, nyumba ya kuweka mizigo ya treni. Watajenga quartier, mutaa mupya: maduka chini, nyumba juu, soko, maternité ya wamama kuzalia. Nani aliwatembeza? Mimi, Placide, mutoto wa chef de dépôt, mukubwa wa pale! Mukubwa wao, Gédéon, aliandika kila neno langu. Kila neno — sababu gani?

Jumanne, 4 Juni
Gédéon alikunywa chai kwa Ayoubu, mwenye duka. Saa nzima! Nilipopita wakanyamaza. Kisha Ayoubu: «Papa Placide, treni ingali inamungojea baba yako?» Anachekelea hadithi yangu ya baba; huyu anatafuta duka ya pembeni katika quartier mupya, namujua. Nikajibu: ilimungojea kutwa nzima, na Wabelgiji ndani! Gédéon hakucheka. Akauliza mupaka ya reli inafika wapi. Nikasema: mpaka kwenye chuma ya alama, ile ya mbele ya mulango wangu. Wabelgiji wenyewe waliipanda. Akaandika.

Alhamisi, 6 Juni
Musalaba wa rangi nyekundu kwenye ukuta wangu, alama ya kubomoa! Na kwa dada yangu Véronique, jirani, musalaba vilevile. Mujane — nyumba ile ya matofali alijenga miaka tisa, kwa kuuza mawese. Mutoto wake Carine alisoma karatasi: walipima toka kwenye chuma yangu, basi nyumba zetu ziko ndani ya kiwanja ya reli. Tutoke mbele ya mwezi kuisha.
Véronique akauliza: «Yaya, kaka yangu mukubwa, uliwaambia nini?»
Nikasema Ayoubu ametuuza. Véronique aliendelea kumenya mihogo.

Jumamosi, 8 Juni
Mama Faridah, chef wa quartier yetu, aliita watu wote hapa mbele ya mulango wangu. Gédéon alionyesha chuma mbili za reli walizokuta kwenye majani: simenti mpaka shingoni. Yangu aliitikisa kwa mukono mumoja. Ikacheza kama jino la mutoto! Hata Ayoubu hakucheka. Hiyo ndiyo iliniogopesha.
Faridah: «Papa, ni wewe mutoto wa chef. Sema, nani aliipanda?»
Nikasema naingia kutafuta karatasi ya baba.
Wananingojea inje. Carine anagonga: «Mujomba, mama anauliza, umeipata?»
Karatasi haiko. Chuma niliing'oa kwenye majani mwaka 2009, simenti yake ilikuwa imevunjika, nikaibeba kwa kinga, baisikeli yangu, nikaipanda mwenyewe ili wageni wa ndoa yangu waione. Baba hakuwa chef; alikuwa anafagia dépôt tu. Treni yenyewe — ilikuwa imeacha kupita mbele aanze kazi, hakuiona hata siku moja.