Siri Aliyoiweka Esha

Nyumbani kwa Mama,
Mitwero, Lindi.
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mpendwa Dada Salima,

Assalaam aleikum, na shikamoo dada yangu. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muscat, wewe na shemeji na wanao wote, na joto la mwaka huu lisiwe limekutesa kama lile ulilonisimulia mwaka jana. Vipi mgongo? Bado unakuuma ukiinama? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mama naye anakula, anasali, anasalimiana na watu. Habari zake nyingine nitakupa humu ndani, na nakuomba uisome barua yote kabla hujashika simu.

Utashangaa nimeandika kwa kalamu wakati kila Ijumaa tunaongea. Nyumba hii unaijua, vyumba viwili na ukumbi, na Mama siku hizi anasikia hata kuku akijikuna. Sikutaka alisikie jambo hili likisemwa. Binti wa jirani anarudi huko Alhamisi, atakukabidhi mkononi.

Kwanza nikuombe radhi. Juzi uliponiuliza hali ya hewa ya Malmö, ukidhani nimesharudi Ulaya, nikakujibu kuna mvua. Nilikuwa nimesimama hapa uani, jua limenikaa utosini. Watoto wameondoka na baba yao tangu tarehe 16. Mimi nimebaki.

Tulifika katikati ya Juni, shule za kule zilipofungwa. Esha ana miaka kumi na mmoja sasa, Abilahi sita. Wiki ya kwanza walilia: nzi, choo cha nje, jogoo wa jirani. Abilahi alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama leo ndiyo tunarudi kwetu. Neno hilo, kwetu, lilikuwa linanichoma.

Halafu Esha akaganda kwa bibi yake. Sijui nikueleze vipi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, tena cha aibu, lakini baada ya wiki mbili walikuwa hawaachani. Mama akienda sokoni, Esha yuko naye, mkono kwa mkono. Mama akichambua mbaazi, Esha ndiye anayetoa mawe. Mama akisuka ukili wa mkeka, Esha amekaa kulia kwake anampa miyaa, hii nyekundu, hii ya kijani. Na Mama alikuwa na tabia ya kumshika mtoto mashavu kwa viganja viwili, akamweka uso mbele ya uso wake, akamtazama kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, hayo ndiyo mapenzi ya bibi na mjukuu. Nikasema pia, nisamehe Mungu, mbona mimi hanishiki hivyo? Kwangu alikuwa na adabu tu, kama mtu na mgeni wake. Kaa, mwanangu. Kula, mwanangu. Usifue, mwanangu, umechoka na safari. Safari gani, nina mwezi mzima hapa?

Mwisho wa Julai akaja baba yao, Ahmadi, likizo yake ilikuwa fupi. Tukapanga kwenda Kilwa siku mbili, watoto wakayaone magofu ya Kisiwani. Mama akakataa, akasema kuta zile anazijua tangu akiwa msichana. Esha naye akakataa kumwacha bibi yake. Niligomba sana siku ile. Nilimwambia mtoto hana shukrani, ametoka mbali kote huko ili aje kukaa jikoni. Tulikwenda watatu.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Jumatatu ya tarehe 12 Ahmadi aliwachukua watoto kwenda Mtama, wakamuage shangazi yake. Safari hiyo Mama mwenyewe ndiye aliyemlazimisha Esha aende. Mimi nikabaki nafunga mizigo. Lile begi kubwa jekundu nikaliegemeza mlangoni. Ilikuwa saa saba mchana, mlango wazi, mwanga tele. Mama akatoka chumbani na bakuli la mbaazi, akaliendea begi moja kwa moja kama halipo. Akaanguka nalo. Mbaazi zikamwagika ukumbi mzima.

"Nani kaweka kiti hapa?" akauliza.

"Si kiti, Mama. Ni begi."

Akaanza kupapasa sakafuni kwa viganja. Zilizokuwa mbele yake akazizoa, za pembeni akaziacha zote. Nikamwinamia.

"Mama, unaona?"

"Naona."

"Hizi za kushoto kwako je?"

Dada, aliendelea kuzoa zile za mbele yake. Halafu akasema, "Hamida, likizo yenu imebaki siku nne. Niache niimalize."

Jioni watoto waliporudi nilimvuta Esha uani. Nilikuwa sijamaliza hata kuuliza, akaangua kilio. Akaniambia, "Bibi anaona katikati tu, mama. Kama unachungulia kwenye bomba. Jicho la kushoto halioni kitu kabisa."

"Umejua lini?"

"Wiki ya pili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi alisema ukijua utalia mpaka siku ya kuondoka. Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka kukwambia."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja, Salima. Wiki saba amebeba jambo lile peke yake, na mimi nikimwita hana shukrani.

Kesho yake tukapanda bajaji kwenda hospitali mjini. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, mpole, akampima Mama kwa subira. Ni presha ya macho. Akatueleza bila kuficha kwamba kilichopotea hakirudi, wala si mtoto wa jicho kwamba utafanyiwa upasuaji uone tena. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kipande cha katikati, na hicho ndicho cha kulinda, kwa matone asubuhi na jioni, maisha yake yote, bila kuruka hata siku moja. Mama akamuuliza, "Nikiruka?" Yule binti akamshika mkono, akamwambia, "Usiruke, Bibi."

Tuliporudi nikampa chupa ajaribu mwenyewe. Mikono yake inatetemeka. Tone la kwanza likaenda shavuni, la pili kwenye kanga.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa tisa huu nazunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba, nawaogesha mama za watu, nawatia wazee matone machoni na kuandika saa kwenye karatasi. Mzee asiyeona namtambua kwa namna anavyoshika kikombe. Mama yangu nimekaa naye wiki nane, nakula naye sinia moja, nisimtambue. Sijui nitamwambia nani hilo kama si wewe.

Usiku tulipokuwa tunakula, Esha akasema, tena kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mimi nibaki. Nitasoma shule ya hapa." Ahmadi akaliweka tonge chini. Abilahi akacheka, akadhani ni mchezo.

Mama ndiye aliyejibu. "Hapana, mjukuu wangu. Nimeazima macho yako likizo nzima, na nimekosea. Mtoto hafanywi fimbo ya mtu. Nenda ukasome."

"Na wewe nani atakushika?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo hata mama akijua," Esha akamwambia. "Ulisema nisimwambie."

Hakuna aliyemkaripia. Mama aliinamisha kichwa, akala matonge mawili, akanawa.

Tulipobaki wawili, Ahmadi aliniambia nibaki. Alisema, "Ukibaki wewe, Esha ataondoka. Usipobaki, yule mtoto hapandi basi." Nikaandika kazini. Wamenipa ruhusa mpaka mwisho wa Desemba. Baada ya hapo hawakuniahidi kitu.

Alfajiri ya Ijumaa nikawasindikiza stendi. Abilahi alikuwa amelala begani kwa baba yake, hakujua hata kama tumeagana. Esha hakulia. Alikuwa ananipa maagizo tu, kama mtu mzima anayemwachia mwenzake nyumba. Nisihamishe kigoda. Ndoo ikae pale pale. Bibi akisema ameshiba nisimwamini. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akaniuliza, "Kwa nini?" Basi likawashwa, sikuwahi kumjibu.

Dada, sijawahi kuujua ukimya kama huu. Ndala za Abilahi ziko mlangoni, alizisahau, nami sijazitoa. Nikipika, napika cha watu watano. Wanapiga simu jioni, nawaona kwenye kioo, wamevaa masweta tayari. Abilahi juzi alinionyesha jino limetoka, na jino lile lilianza kutikisika hapa hapa ukumbini, mimi nikiliangalia. Esha anazungumza na bibi yake tu. Kwangu anasema, "Sawa, mama," basi. Nampa muda. Mama naye haongei sana. Tunakaa uani, yeye na ukili wake, mimi na simu mkononi ambayo hailii. Wakati mwingine nahisi nimewaacha watoto wangu kwa ajili ya mama ambaye hakuniomba nibaki.

Sikuandikii kukulaumu, maana wewe na mimi tumeondoka sote, na hukuyajua haya kama ambavyo mimi sikuyajua. Ila nakuomba kitu kimoja. Mwaka wa sita huu hujafika nyumbani. Januari njoo ukae miezi mitatu, nami nirudi kwa wanangu. Halafu tutaona. Lusia, yule jirani wa kutoka uwandani anayeuza viazi pori vya ming'oko, amejifunza kutia matone, na anasema yuko tayari kusaidia siku za katikati, mimi nikiwa nimeondoka na wewe hujafika. Lakini hatuwezi kumwachia mtu baki mama yetu. Usijibu kwa hasira wala kwa haraka. Zungumza na shemeji kwanza.

Jambo la mwisho nililotaka kukusimulia ni la jana. Asubuhi Mama alitoka chumbani akaita, "Esha!" Ulimi ulimtangulia. Nikamjibu, "Ni mimi, Mama." Akasimama pale. Baadaye akasema, "Basi nipe mkono, nataka kwenda kwa Lusia."

Tangu nilipokuwa mtoto sijamshika Mama mkono njiani. Mkono wenyewe ni mdogo sana, dada, na mkavu. Tulitoka polepole. Hatujafika hata kwenye uzio akajikwaa kwenye jiwe, nikamdaka.

"Esha alikuwa anasema," akaniambia.

"Anasema nini?"

"Kilichopo."

Basi nikaanza kusema. Jiwe, Mama. Shimo hapa, Mama. Mzizi. Maji ya mtu yamemwagika. Mbuzi wa Lusia amelala njiani. Mara ya kwanza tangu wajukuu zake waondoke, Mama akacheka, akanibana vidole, akaniambia, "Sema polepole, wewe. Hatuna basi la kuwahi."

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na mama mkwe wako umwambie shikamoo yake nimeiweka. Lusia anakusalimu, na Ahmadi pia, kwa niaba yake nakuandikia. Mama hajui kama naandika, lakini kila baada ya swala analitaja jina lako. Mwenyezi Mungu akulinde na kila kisichoonekana, na atukutanishe sote wazima chini ya paa hili.

Wako akupendaye daima, mdogo wako,

Hamida