Saa ya Baba Haisogezwi

Nyumbani kwa Freeman Schmucker,
Nyuma ya Shule ya Kijito,
LaGrange, Indiana.

14 Januari

Mpendwa mdogo wangu Mahlon,

Pokea salamu zetu sote. Hali yako huko Montana? Edna Mae je, mgongo umeacha kumsumbua? Na watoto wanakua? Nasikia huko theluji inafika madirishani. Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ila baba hajambo ya kusema tu. Kifua kinambana na miguu imevimba, na bado anataka kwenda kulisha farasi mwenyewe. Ukimkataza anakutazama mpaka unajuta kufungua mdomo.

Hii ni barua yangu ya tatu tangu tumzike mama mwezi wa saba. Mbili hukujibu. Haya, nuna. Lakini hii isome mpaka mwisho, maana nimechoka kumeza maneno.

Nianze na ya magazetini. Wakubwa wa Washington wanabishana tena, wengine wanataka saa ya haraka, ile inayosogezwa mbele kwa saa moja, ibaki mwaka mzima, isirudishwe nyuma majira ya baridi. Kiwandani kwa kina mume wangu Freeman, wanakounda nyumba za magurudumu, ni shangwe tupu. Eti mtu akitoka kazini atakuta bado kuna mwanga wa kukata majani, na mkewe atawauzia watalii pai mpaka jioni sana. Sawa. Na asubuhi je? Mwezi kama huu jua lingetoka saa tatu! Wajukuu zangu wangekwenda shule gizani, kando ya malori, taa mkononi. Nilimwambia Freeman hivyo mezani, akanijibu, "Giza ni giza, mke wangu, liwe la asubuhi au la jioni." Nikamwambia, "Basi kesho wasindikize wewe kwa miguu, tuone." Akajifanya anatafuta chumvi.

Usidhani nakuandikia kwa ajili ya siasa. Hizo saa ndizo zilizotutenganisha mimi na wewe, na wewe hujui nusu ya mambo.

Ulipohama, kanisa letu lote lilikuwa bado kwenye saa ya polepole. Watu wa mjini wakisogeza zao mbele mwezi wa tatu, sisi tulikaa palepale na jua letu. Mwaka jana wanaume wa kiwandani wakachachamaa kwamba wamechoka kuishi kwa saa mbili, ya kazini na ya kanisani. Kura zikapigwa kabla ya meza ya Bwana ya Aprili, saa ya haraka ikapita. Baba peke yake alisimama akasema hapana. Freeman, mume wangu, ndiye aliyewaongoza wale wengine. Mimi wakati huo nilikuwa namuuguza mama, kumgeuza na kumlisha, na kalamu sikuishika. Nani angekuandikia habari za saa mama yuko vile?

Mama alipotutoka, Freeman ndiye aliyekwenda kwenye kibanda cha simu akakuachia ujumbe: kaburini Alhamisi, saa tano. Basi. Hakusema saa tano ya nani. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Kwani kuna saa ngapi duniani?" Mahlon, nilitamani kumpiga na mwiko!

Binamu Orla alinieleza kwamba ulishuka kwenye treni mapema, ukapita kwake ukanawa uso na kupiga kofia brashi ili uende kwa mama ukiwa nadhifu. Kwa saa ya polepole, ulijua una saa nzima ya kusubiri. Ukanywa na kahawa. Na wakati unakunywa kahawa hiyo, sisi tulikuwa tumeshafika makaburini.

Ulipofika ukawakuta wanasawazisha udongo. Ulisema mbele za watu, "Mmemfukia haraka kama mlioiba." Ukaondoka bila kula, hata pai ya zabibu hukuonja. Uliniumiza, nakwambia wazi. Nililia jikoni mpaka wanawake wakaninyang'anya vyombo.

Sasa sikia ambalo hakuna aliyekwambia. Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, baba aliinua mkono. Alisema, "Ngojeni. Kijana wangu anakuja kwa saa yetu ya zamani. Yuko njiani." Yeye peke yake aling'amua kwamba hukuambiwa saa imebadilika, Mahlon. Askofu akasita. Wale waliobeba wakatazamana, maana magari ya kuwarudisha kiwandani yalikuwa yanawasubiri barabarani. Freeman akatoa saa yake mfukoni akasema, "Muda umefika, mzee." Nilimvuta koti. Nikasema kwa sauti wote wasikie, "Mngojeni mdogo wangu!" Akaniambia ninyamaze, nisimwaibishe. Wakaachia kamba. Baba alibaki na ule mkono juu mpaka nikaushusha mimi.

Tangu siku hiyo anaishi kwetu. Alikuja na saa ya mama, akaitundika jikoni kando ya ile ya Freeman, ikiwa kwenye saa ya polepole, na ole wake atakayeigusa. Kiangazi chote wanaume hawa wawili walikula meza moja kwa nyakati mbili, nami nikipasha viazi mara mbili kama mpishi wa hoteli. Mwezi wa kumi na moja watu waliporudisha saa nyuma, zikalingana. Sasa wanakula pamoja. Hawaongei, lakini wanakula.

Mwezi wa tatu zitaachana tena, na hao wakubwa wakipitisha sheria yao, hazitakutana tena kamwe. Baba amesomewa hiyo habari. Juzi tu akaniuliza, "Orpha, treni ya kutoka magharibi siku hizi inaingia saa ngapi?" Nikamuuliza, kwa saa gani, baba? Akasema, "Kwa atakayokuja nayo Mahlon."

Njoo. Njoo sasa, wakati nyumba hii ina saa moja na hakuna wa kukosea. Freeman hutamwona akikusumbua, hilo niachie mimi.

Msalimie sana Edna Mae, mbusu Lamar na yule mdogo ambaye sijamtia machoni. Orla na shangazi Fannie wanakusalimu. Mungu akulinde njiani na akulainishe moyo, maana ni mgumu kama wa baba.

Na baba akitangulia kabla hujafika, nimeshamwambia Freeman mbele ya watoto: jeneza la baba nitalikalia mimi, kwa uzito wangu wote huu unaoujua, na watu wa kiwandani wakaombe ruhusa kwa bosi wao. Halishuki mpaka nikuone umesimama pale.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Orpha